Anza na Ukuta

Msikilizaji, popote ulipo sasa, gonga ukuta ulio karibu nawe. Gonga kwa kifundo cha kidole, kisha sikiliza. Ukuta ulioshiba hujibu kwa sauti fupi, kavu. Ukuta wenye uwazi ndani huvuma kama mtungi. Na kuna jibu la tatu, baya kuliko yote: unasikia mchanga ukiporomoka taratibu nyuma ya rangi.

Leo nazungumzia kutundika baiskeli ukutani, kwenye gereji ya nyumbani. Nikisema gereji sina maana ya pale kwa fundi magari. Nasema lile banda unamolaza gari, ambamo kwa wengi wetu hulala pia baiskeli, ngazi, jenereta, gunia la mkaa na kitanda cha mtoto aliyekwisha kukua.

Marehemu baba aliniachia Phoenix nyeusi. Fremu ya chuma, rimu za inchi 28, breki za fimbo, na keria ambayo imebeba mahindi, wagonjwa, na mimi mwenyewe nikipelekwa shule. Niliona haistahili kuegemezwa chini, isukumwe na kila anayepita, matairi yakae kwenye unyevu wa sakafu mpaka yapasuke. Nikanunua kulabu mbili dukani, boksi limeandikwa zinabeba kilo 30. Fundi akaja na drili yake, nusu saa kazi ikawa imekwisha, na nilifurahi sana.

Siku ya tisa, alfajiri, tukasikia kishindo. Phoenix ilikuwa imelala juu ya baiskeli ndogo ya binti yangu, mahali palepale alipokuwa amechuchumaa jioni akijaza upepo. Niliokota kulabu nikaitazama. Skrubu ilikuwa imenyooka vilevile. Plagi ya plastiki ilitoka nzima, imevaa kola ya plasta, na kwenye tundu mchanga ulikuwa bado unachuruzika. Kulabu haikuvunjika. Ukuta ndio ulioachia.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue kulabu gani, namuuliza kwanza ana ukuta gani.

Zile plagi mafundi wetu huziita fisha, na jina hilo ni la mtu. Artur Fischer, Mjerumani, alibuni plagi yake ya nailoni mwaka 1958. Kabla yake, Mwingereza John Joseph Rawlings alikwishaomba hataza ya plagi ya nyuzi mwaka 1911, baada ya kupewa kazi ya kufunga vifaa vya umeme kwenye kuta za British Museum, London, bila kuziharibu. Akili ya plagi zote mbili ni moja: skrubu ikiingia, plagi inatanuka na kukaba tundu. Kwa hiyo kila kitu kinategemea inatanukia ndani ya nini. Ndani ya zege, inakaba. Ndani ya plasta, inaipasua. Ndani ya tofali lenye uwazi, haina cha kukaba. Na ndani ya tofali lililofyatuliwa na mtu aliyeuvuta mfuko mmoja wa saruji utoe matofali mengi kuliko uwezo wake, inasaga mchanga tu. Ukitoboa, tazama vumbi linalotoka. Tundu likiendelea kumwaga mchanga hata baada ya drili kusimama, hapo si pa kutundika kitu kizito.

Lakini nyumba zetu nyingi za matofali zina sehemu moja ya kuaminika, nayo ni lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Uko kama mita 2.1 kutoka sakafuni, na mara nyingi unazunguka nyumba nzima. Mimi sasa nafunga kwenye lenta. Natoboa nikiwa mwangalifu: drili ikigonga nondo, nasogea pembeni. Na sitoboi juu ya swichi wala soketi, kwa sababu bomba la nyaya mara nyingi hupanda wima hapohapo.

Kama lenta ipo juu mno kwako, teremsha mbao mbili za wima, za mbili kwa nne. Juu zikamatwe kwenye lenta, chini zifungwe kwenye tofali hata kama si imara sana, halafu weka ubao wa kulala katikati yake kwa kimo unachotaka. Kulabu zifunge kwenye ubao huo. Mzigo unagawanyika sehemu nyingi, na kesho ukitaka kuhamisha kulabu hutoboi ukuta tena. Gharama ni ya mbao mbili tatu na saa chache za fundi.

Sasa kuhusu hizo kilo 30 za kwenye boksi. Phoenix yenye keria na madigadi inakaribia kilo 20, ungedhani nafasi imebaki. Tatizo ni jinsi mzigo unavyokaa. Chukua ile mikono miwili inayobeba baiskeli kwa ubavu, kwa kukamata bomba la juu. Baiskeli inakaa kama sentimita 30 kutoka ukutani. Bamba la chuma lililofungwa ukutani likiwa na urefu wa sentimita 10, skrubu ya juu haivutwi kwa kilo 20, inavutwa kwa karibu kilo 60. Refusha bamba lifike sentimita 30, mvuto unashuka hadi kilo 20. Baiskeli ni ileile, na ukuta ni uleule. Ndiyo maana nasema bamba fupi, hata liwe na rangi nzuri namna gani, liache dukani.

Kutundika kwa gurudumu moja, baiskeli ikasimama wima, kunauhurumia zaidi ukuta. Gurudumu la pili linaegemea ukutani na kupokea sehemu ya kazi, kwa hiyo skrubu hazing'olewi kwa nguvu kubwa. Zinachobeba zaidi ni uzito wa kushuka. Wapo wanaoogopa kwamba rimu itapinda. Rimu hiyohiyo inakubeba wewe na gunia la viazi kwenye mashimo ya barabara. Kuibeba baiskeli tupu iliyotulia hakuiumizi. Izungushie tu kulabu kipande cha tyubu chakavu ili chuma kisikwaruze chuma.

Kwa nafasi, pima gari lako kwanza. Toyota IST, ambayo imejaa mitaani kwetu, ina upana wa karibu mita 1.7, na urefu wake haufiki mita 4. Banda likiwa na upana wa mita 3, ubavuni inabaki mita 1.3 kwa pande zote mbili, na dereva anahitaji sentimita 60 za kufungua mlango. Baiskeli iliyosimama wima inatokeza kama mita nzima kutoka ukutani, kwa hiyo ubavuni haiingii. Iliyolala kwa ubavu, ukihesabu na usukani, inatokeza kama sentimita 60, hiyo upande wa abiria inakaa. Zile za wima zipeleke ukuta wa mbele, mbele ya boneti, kama banda lina urefu wa mita 6. Zikiwa mbili tatu, pandisha moja na kushusha nyingine kwa sentimita 20 hivi, usukani upite juu ya usukani. Utaokoa nafasi kubwa.

Umbo la baiskeli nalo lina neno. Zile za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama, hazina bomba la juu lililonyooka, mikono ya ubavu haizifai. Zitundike kwa gurudumu, na kikapu kikizuia mbele, jaribu gurudumu la nyuma. Zenye madigadi marefu, angalia ule ulimi wa mbele usikandamizwe na ukuta ukapinda. Zenye breki za diski za mafuta, zikikaa wima muda mrefu, binya breki mara kadhaa kabla ya kupanda, maana hewa ikiwemo kwenye mfumo inaweza kuwa imehama. Fremu ya kaboni usiibane mahali popote.

Ninalolisisitiza kuliko yote hayo ni nani atakayeinyanyua. Kwangu, anayetumia baiskeli kila siku ni mke wangu, kwenda sokoni, na binti yangu, kwenda shule. Baba mwenye nyumba anapanga kulabu kwa kimo chake yeye, halafu anashangaa baiskeli imerudi kuegemezwa mlangoni. Waite waliomo nyumbani, kila mmoja anyanyue mwenyewe, kisha ndipo uweke alama kwa penseli. Na wafundishe namna: usiinyanyue baiskeli nzima kama gunia. Vuta usukani juu, baiskeli isimame kwa gurudumu la nyuma, itembeze hadi ukutani, umalizie kwa kunyanyua kidogo tu mpaka gurudumu la mbele lishike kulabu. Kulabu ikiwa kwenye kimo sahihi, kunyanyua huko hakuzidi sentimita 15. Baiskeli ya mtoto itundike pale mtoto anapofika. Na kama nyumbani kuna mzee anayepanda baiskeli, mwachie yake chini, kwenye stendi, pasipo aibu yoyote.

Huna haja ya kulabu za bei kubwa. Fundi wa kuchomelea mtaani anaweza kukupindia nondo ya milimita 12 na kuichomea kwenye bamba refu lenye matundu manne, ukasimama hapohapo ukimwonyesha vipimo. Mwambie aipige rangi ya kuzuia kutu. Wasikilizaji wa Tanga, Mombasa, Unguja na Pemba, hewa yenu ina chumvi: skrubu zenu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila baada ya miezi michache zitazameni.

Na kabla ya baiskeli yoyote kupanda ukutani, naomba ufanye hili moja. Chukua madumu mawili ya lita 20, yajaze maji. Hizo ni kilo 40, mara mbili ya Phoenix. Yafunge kwa kamba kwenye kulabu, funga banda, watoto wasiingie, ukalale. Asubuhi nenda na tochi, tazama kama bamba limeachana na ukuta hata kwa unene wa kucha. Likiwa limeachana, shusha maji, ng'oa kulabu, tafuta lenta. Likiwa limekaa, pandisha baiskeli.