Yusufu Naye Aliomba Ruhusa

Hili ndilo neno nililotoa usiku wa ushuhuda. Ndugu wa jarida wameniomba niliandike, nami nimeliandika karibu kama nilivyolisema.

Kazi yangu mnaijua. Jumapili nahubiri. Jumatatu hadi Jumamosi mimi ni mhasibu wa kodi hapa Busia, mji mmoja wenye nchi mbili. Wateja wangu wengine wako Kenya, wengine Uganda. Basi mwezi wangu hauna wiki, una tarehe. Tarehe 9 ni kodi ya mishahara ya Kenya. Tarehe 15 ni kodi ya mishahara na VAT ya Uganda. Tarehe 20 ni VAT ya Kenya. Ukishusha pumzi kidogo, tarehe 9 inapiga hodi tena. Na juu ya hizo kuna Juni 30, siku ya mwisho ya ritani za mwaka kwa Wakenya.

Mke wangu alilala katika Bwana mwezi wa Mei. Tulimzika Jumamosi. Jumanne nilikuwa ofisini. Watu wakasema, "Mtumishi ana nguvu ya ajabu!" Nami nikapenda kusikia hivyo. Jumapili nikashika kipaza sauti, nikahubiri juu ya ushindi. Kaburini sikulia, nyumbani sikulia. Nilijiambia, Juni ipite kwanza, nitaomboleza Julai.

Julai ikafika, ikaja na tarehe 9 yake.

Nilikuwa nafunga ofisi saa tano usiku. Chakula changu chai na mandazi. Dawa za presha nilikuwa nimeziacha. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinikumbusha kuzimeza, na kila nikiiona ile pakiti nilimwona yeye. Nikaifungia ndani ya droo. Kwa watu nikasema nasimama kwa imani. Hapana, wapendwa. Haikuwa imani, nilikuwa nakimbia.

Agosti nikaingiza mauzo ya mteja mmoja kwenye ritani ya mwingine. Mzee wa watu akapigwa faini kwa kosa langu, ikabidi niilipe mimi. Usiku huohuo binti yangu, ana miaka 11, akaniuliza, "Baba, mbona mama humtaji? Kwani hukumpenda?" Sikuwa na jibu. Asubuhi kichwa kikagonga, macho yakaona ukungu, kijana wangu wa ofisini akanikimbiza kliniki. Presha ilikuwa 190 kwa 120. Daktari akaniambia ikifika 140 kwa 90 tayari ni ya juu. Kisha akaniuliza polepole, "Mzee, kuna nini kwako?" Hapo ndipo nikalia, mbele ya mtu nisiyemjua, mkono bado umefungwa kwenye mashine.

Niliporudi nyumbani nikafungua Mwanzo 50. Yusufu tumezoea kumhubiri kama mtu wa ndoto. Siku hiyo nikamwona kama mwenzangu wa kazi. Soma Mwanzo 47: ndiye aliyeweka sheria ya kumtolea Farao sehemu ya tano ya mavuno. Hiyo ni asilimia 20! Huyu alikuwa mtu wa kodi. Sasa baba yake alipokufa alifanya nini? Alimwangukia usoni, akalia, akambusu. Misri ikaomboleza siku 70. Kisha akapeleka maneno kwa Farao, akaomba ruhusa ya kwenda kumzika baba yake, akaahidi kurudi. Huko akaomboleza siku 7 nyingine. Ndipo akarudi kazini, na Misri haikuanguka. Baadaye ndugu zake walipomletea maneno kwa jina la baba yao, akalia tena. Mkubwa mzima, ameshazika, bado analia, na Neno halimkemei popote.

Angalia jambo hili: Yusufu hakutoroka kazi, wala hakujikausha. Aliomba ruhusa. Mimi sikumwomba mtu. Katika ushirika huuhuu kuna wahasibu wenzangu ambao wangenishikia wateja mwezi mzima. Niliogopa kunyang'anywa wateja, na zaidi niliogopa kuitwa dhaifu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kiharusi iko juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Nikazihesabu zangu, zikafika 80. Nilikuwa nahesabu pesa za kila mtu, saa zangu sijawahi kuzihesabu.

Basi wewe unayesoma, kama umefiwa, omba ruhusa. Taja siku utakayorudi, halafu uende ukalie. Kodi isiyolipwa huongezeka riba, na kilio nacho ni hivyohivyo. Usipokilipa wewe, mwili wako utadaiwa. Kama una dawa, omba, kisha umeze. Mungu aliyeumba miujiza ndiye aliyempa daktari akili.

Wewe mchungaji, mfiwa asipolia usiharakishe kumpa kipaza sauti. Mpe kiti. Na wewe uliye mwenzake wa kazi, usimwulize tu, "Unaendeleaje?" Mwambie, "Niletee mafaili ya tarehe 20."

Siku hizi nafunga ofisi saa kumi na mbili jioni. Wateja watatu wameniacha. Jumamosi moja kila mwezi naenda na binti yangu kaburini, tunapalilia maua, ananisimulia vituko vya mama yake hata nisivyovijua. Wakati mwingine tunacheka. Wakati mwingine nalia, naye ananishika mkono. Lile swali lake hajaniuliza tena.

Bwana awafariji wote waliojikaza. Amina.