Nyumba ya Kampuni na Kesho Yetu
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo tuongee juu ya nyumba. Wengi wetu hapa Kericho na Bomet tumelea watoto katika nyumba za kampuni za majani chai. Lakini nyumba ile imefungwa kwa kazi kama ndama kwa kamba. Kazi ikiisha, kwa kustaafu au kwa sababu ya mashine, ufunguo unarudishwa. Mei 2023 watu wenye hasira walichoma mashine za kuchuma chai huko Kericho. Hasira tunaielewa, lakini moto ule haukumjengea mtu nyumba.

Kuna mama mmoja, mchumaji wa miaka mingi. Tulimkuta kando ya barabara ameketi juu ya godoro lake, na kuku wake wawili. Pesa zote zilikwenda kwa karo. Hata robo ekari hana. Tuliona haya. Sisi ndio tuliomfundisha kufuga kuku, na hatukumwuliza hata siku moja atawafugia wapi.

Kufukuzwa siyo jambo geni hapa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi. Siku hizi sheria ipo, basi tuijue:

1. Sheria ya Ardhi, ilivyorekebishwa 2016, inasema anayekaa kwenye ardhi ya mwenyewe bila haki asiondolewe bila notisi ya maandishi ya angalau miezi 3. Anaweza kwenda kortini kuipinga.

2. Siku ya kuondolewa, wanaofanya kazi hiyo wajitambulishe, na heshima ya watu ilindwe.

3. Ukipewa barua, usiitie mfukoni tu. Ipeleke kwa chama cha wafanyakazi mapema, uulize pia malipo yako ya kustaafu.

Lakini wananchi, notisi ni muda tu, siyo nyumba. Kikundi kianze akiba ya kiwanja wakati mikono bado ina nguvu. Kabla ya kulipa, mkague hati katika ofisi ya ardhi. Kama ni shamba, mpate kibali cha Bodi ya Ardhi. Msinunue kwa maneno ya dalali.

Swali la kuzungumza kikundini: Kazi ikiisha mwezi ujao, ni nani kati yetu hana pa kulala? Mtajeni kwa upole, halafu mwanze na yeye.