Kasi ya Matangazo na Thamani ya Hisa: Kuipima Kampuni ya Mnada wa Mtandaoni

Kampuni ya mnada wa mtandaoni haina ghala wala shehena ya kuhesabu. Inachomiliki ni uwanja: muuzaji anaweka tangazo la bidhaa yake, wanunuzi wanashindana kwa dau kwa siku kadhaa, na kampuni inatoza ada. eBay, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar huko California mwaka 1995 na kuuza hisa zake kwa umma Septemba 1998 kwa dola 18 kila moja, ndiyo kampuni ambayo wawekezaji waliizoea zaidi kuipima kwa idadi ya matangazo. Katika miaka yake ya kukua, mapato ya mnada wake yalikuwa na chemchemi mbili kuu. Ya kwanza ni ada ya kuweka tangazo, inayolipwa bidhaa iuzwe isiuzwe. Ya pili ni kamisheni, inayolipwa pale tu dau la mwisho linapopata mshindi. Nchini Marekani mwaka 2005, tangazo la bidhaa iliyoanzia kati ya dola 1 na dola 9.99 lilitozwa senti 35. Kamisheni ilikuwa asilimia 5.25 ya dola 25 za kwanza za bei ya kuuzia, na asilimia 2.75 ya kiasi kilichozidi hapo hadi dola 1,000.

Mvuto wa kuhesabu matangazo ni rahisi kuuelewa. Kampuni hutoa hesabu zake mara nne kwa mwaka, lakini matangazo yako wazi kwa kila anayefungua tovuti. Mwekezaji aliyehesabu kila usiku aliona robo mwaka ikijengeka siku baada ya siku, wiki nyingi kabla ya ripoti kutoka. Kiwanda cha saruji hakimpi mwenye hisa fursa ya kuchungulia namna hiyo. Wapo walioendesha programu za kuhesabu na kuchapisha takwimu kila siku, na biashara ya hisa ikafanyika kwa kuzifuata.

Tatizo ni kwamba tangazo linapima matumaini ya muuzaji, halipimi pochi ya mnunuzi. Kati ya tangazo na faida kuna hatua kadhaa: sehemu ya matangazo inayofikia mauzo, bei ya wastani ya kila kilichouzwa, kisha fungu ambalo kampuni inachukua.

Chukua mfano wa matangazo 100 ambayo nusu yake yanauzwa kwa dola 30 kila moja. Thamani ya mauzo ni dola 1,500. Kwa viwango vya 2005, kampuni inapata dola 35 za matangazo na dola 1.45 kwa kila kilichouzwa, yaani dola 72.50, jumla dola 107.50. Robo inayofuata matangazo yanapanda hadi 120, ila yanayouzwa ni asilimia 40 tu. Vimeuzwa vitu 48, na thamani ya mauzo imeshuka hadi dola 1,440. Hata hivyo mapato ya kampuni yamepanda: dola 42 za matangazo na dola 69.60 za kamisheni, jumla dola 111.60. Mnada umedhoofika na taarifa ya fedha inang'aa. Anayetazama matangazo peke yake ataona ukuaji wa asilimia 20 na kununua hisa, wakati ambapo kilichoongezeka ni wauzaji wanaolipia kushindwa kwao. Wauzaji hao hawadumu. Aliyelipa mara mbili tatu bila kupata mnunuzi hupunguza bidhaa au huhama, na pengo hujitokeza katika robo za baadaye, hisa ikiwa tayari imenunuliwa kwa bei ya juu.

Mnada wa Yahoo nchini Marekani ulionyesha jambo hilohilo kutoka upande mwingine. Ulianza mwaka 1998 bila ada ya tangazo, ukajaa bidhaa. Januari 2001 ada ilipoletwa, sehemu kubwa ya matangazo ilitoweka kwa muda mfupi, maana mengi yake yalikuwapo kwa sababu tu hayakuwa na gharama. Mnada huo ulifungwa mwaka 2007.

Isidhaniwe kwamba matangazo ya bure ni upuuzi kila mahali. Katika soko changa, wingi wa bidhaa ndio unaowavuta wanunuzi wa kwanza, na wanunuzi wakishazoea huwavuta wauzaji zaidi. Huko Japani, Yahoo ilifungua mnada wake mwaka 1999 bila kutoza ada. eBay ikafika mwaka 2000 na ada zake, ikaondoka mwaka 2002. Nchini China, eBay ilinunua kampuni ya EachNet, na Alibaba ikajibu mwaka 2003 kwa kuanzisha Taobao, isiyotoza wauzaji ada. Kufikia mwisho wa 2006 eBay ilikuwa imeikabidhi biashara hiyo kwa ubia na kampuni ya Tom Online. Kwa hiyo ukuaji wa matangazo una uzito mkubwa soko likiwa changa, na uzito huo hupungua kadiri soko linavyokomaa na nyongeza inavyozidi kuwa bidhaa zilezile zinazogombea macho yaleyale.

Hata hesabu yenyewe ina mitego. Idadi inayoonekana kwenye tovuti kwa siku moja si sawa na matangazo mapya ya robo nzima: minada ya siku kumi ikizidi ile ya siku tatu, tovuti itaonekana imejaa zaidi bila tangazo jipya hata moja. Bidhaa iliyokosa mnunuzi ikirudishwa huhesabiwa upya. Siku ya punguzo la ada hufurika matangazo yaliyokuwa yakiisubiri. Tangazo moja la bei isiyobadilika linaweza kubeba vitu mia vya aina moja. Na msimu una nguvu zake, hivyo robo ya mwisho hulinganishwa na robo ya mwisho ya mwaka uliotangulia, si na ile ya katikati ya mwaka.

Mtego mkubwa kuliko yote ulikuwa maduka ndani ya eBay, ambamo muuzaji aliweka bidhaa kwa muda mrefu kwa senti chache. Mapema 2006 kampuni iliingiza bidhaa za maduka katika matokeo ya kawaida ya utafutaji. Zikaongezeka upesi hadi kuwa wingi wa matangazo yote, huku mchango wake katika thamani ya mauzo ukibaki mdogo. Mwaka huohuo kampuni ilibadili tena utaratibu na kupandisha ada za maduka. Grafu ya matangazo ilipanda kisha ikalegea kwa maamuzi ya ofisini, na mwekezaji aliyeisoma kama hali ya soko alikuwa akisoma sera ya ada. Swali la kwanza mbele ya takwimu yoyote ya matangazo liwe hili: bei ya kuyaweka imebadilika lini?

Matukio mawili yanaonyesha jinsi kipimo hiki kinavyoweza kwenda kinyume na hisa au na biashara. Katika robo ya mwisho ya 2004 matangazo ya eBay yaliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Ripoti ilipotoka Januari 2005, faida kwa hisa ilikuwa pungufu kwa senti moja tu kuliko ilivyotarajiwa, na makadirio ya mwaka yalikuwa ya tahadhari; hisa ikaanguka karibu asilimia 19 kwa siku moja. Bei ya hisa ilikuwa imeshalipia ukuaji mkubwa kuliko ule uliotokea. Katika robo ya pili ya 2007 mambo yaligeuka: matangazo yalipungua kwa takriban asilimia 6, lakini thamani ya mauzo ikapanda kwa takriban asilimia 12. Vitu vilivyowekwa vilikuwa vichache, vilivyouzwa vikaleta fedha zaidi.

Tena yapo mambo ambayo hesabu ya matangazo haiyagusi kabisa. eBay ilinunua PayPal mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5, na huduma hiyo ya malipo ikawa injini ya pili ya faida. Mwaka 2005 ilinunua Skype kwa takriban dola bilioni 2.6, kisha mwaka 2007 ikafuta kiasi cha dola bilioni 1.4 vitabuni kwa ununuzi huo. Hakuna idadi ya minada ambayo ingemwonya mwenye hisa.

Kampuni yenyewe iliachana na msingi wa kipimo hiki hatua kwa hatua. Mapema 2008, kupitia John Donahoe, mkurugenzi mkuu mteule wakati huo, ilitangaza kushusha ada za matangazo na kupandisha kamisheni, wauzaji wengi wakalalamika na baadhi wakagoma kuweka bidhaa kwa wiki moja mwezi Februari. Mwaka 2010 wauzaji wa kawaida Marekani waliruhusiwa kuweka hadi minada 100 kwa mwezi bila ada, mradi bei ya kuanzia iwe chini ya dola moja. Kuanzia hapo tangazo la aina hiyo likikosa mnunuzi halikuingiza senti katika mapato ya kampuni, na wachambuzi wakaelekeza macho kwenye thamani ya mauzo na idadi ya wanunuzi wanaorudi.