Hesabu ya Zamu ya Usiku: Chanzo cha Uchovu Sugu Kazini



Uchovu nitakaouzungumzia leo si ule wa jioni, ambao mtu akioga, akala na kulala, asubuhi umekwisha. Nazungumzia uchovu usioondoka hata kwa likizo. Humfanya mfanyakazi hodari aanze kuikwepa kazi aliyoipenda, awajibu kwa ukali watu anaowahudumia, na mwishowe ajione hafai. Hoja yangu ni moja: chanzo kikuu cha uchovu huo kimo katika namna kazi inavyopangwa, na anayepanga kazi ndiye mwenye uwezo wa kukiondoa.

Elimu ya jambo hili ilianzia kwa watoa huduma. Mwaka 1974, Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, alichapisha makala kuhusu watumishi wa kliniki ya bure iliyowahudumia watu maskini na watumiaji wa dawa za kulevya. Yeye mwenyewe alikuwa akijitolea pale usiku baada ya kazi zake za mchana. Aliona vijana walioingia na ari kubwa wakianza kuzorota baada ya takriban mwaka mmoja. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliojitoa zaidi. Naomba tulishike hilo, kwa sababu tumezoea kumdhania aliyechoka kuwa ni mvivu au ana moyo mwepesi.

Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Susan Jackson, walitoa kipimo cha uchovu huu mwaka 1981. Kinaangalia mambo matatu. La kwanza ni kuishiwa nguvu za mwili na moyo. La pili ni moyo kuwa mgumu, hadi mgonjwa anaitwa kwa namba ya kitanda. La tatu ni kuona kwamba lolote unalofanya halina tija. Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, linasema hali hii inatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo, na halikuiweka katika kundi la magonjwa. Uamuzi huo una maana kubwa. Jambo likiitwa ugonjwa, tunamtafuta mgonjwa tumpe dawa. Likiitwa hali ya kazini, hatuna budi kuikagua kazi yenyewe.

Basi tuikague. Twende wodi ya wazazi, saa nane usiku, mkunga akiwa peke yake zamuni. Mezani ana patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kila mama. Chati hii ina historia ya Kiafrika: Philpott na Castle waliiboresha Harare mwaka 1972, wakati huo mji ukiitwa Salisbury, ili mkunga wa kliniki ya mbali ajue mapema ni mama yupi apelekwe hospitali. Ni kifaa kizuri, na kimeokoa maisha. Lakini kina masharti yake. Kila nusu saa mkunga asikilize mapigo ya moyo wa mtoto. Kila nusu saa aweke mkono tumboni na kuhesabu mikazo ya uchungu kwa dakika 10 kamili.

Sasa tupige hesabu. Wajawazito watatu wakiwa katika uchungu uliokolea, kuhesabu mikazo peke yake kunakula dakika 30 zote za nusu saa. Wakiwa sita, mkunga anahitaji dakika 60 ndani ya dakika 30. Hapo hajamsikiliza mtoto hata mmoja, hajabadilisha dripu, hajamzalisha mama, hajampigia simu daktari wa zamu, hajanywa maji.

Atafanyaje? Atakaa na aliye karibu kujifungua, wengine awapitie haraka. Alfajiri, kabla ya kukabidhi zamu, anabaki na chati zenye nafasi tupu. Akiziacha hivyo, ataandikiwa barua ya kujieleza. Akizijaza kwa kukisia, dhamiri itamsuta. Na kesho usiku anarudi kwenye hesabu ileile. Uchovu sugu unazaliwa hapa: mtu anajua kazi njema inavyofanywa, anataka kuifanya, na kila siku anazuiwa kuifanya. Akiacha kuwatazama wajawazito usoni, mara nyingi ni kwa sababu kuwatazama kunauma.

Wingi wa kazi hauji peke yake. Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba mzigo huumiza zaidi pale anayeubeba hana sauti juu ya namna ya kuubeba. Mkunga asiyeshirikishwa kupanga ratiba ya zamu yuko hapo hasa. Mwaka 1996 Johannes Siegrist aliongeza kwamba jasho lisilolingana na malipo yake nalo huumiza, na malipo kwake ni pamoja na heshima, uhakika wa ajira na kupandishwa daraja. Nchini Kenya, madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utekelezaji wa mkataba wa pamoja uliosainiwa mwaka 2013. Ahadi isiyotimizwa huchosha watu kabla hata ya zamu kuanza.

Liko pia jambo la haki. Maofisini kwetu, msemo wa “mzigo mzito mpe Mnyamwezi” umegeuka utaratibu wa kugawa kazi. Anayefanya vizuri anaongezewa, anayekwepa anaachwa apumzike, na siku yule hodari akianguka tunashangaa. Mwalimu na karani wanalijua hili kama mkunga anavyolijua.

Tanzania tunayo sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka muda wa ziada ulipwe mara moja na nusu, na inatoa likizo ya mwaka ya siku 28. Ni sheria njema, na iheshimiwe. Upungufu wake ni kwamba inahesabu saa tu. Kazi iliyosukumwa ndani ya saa hizo haihesabu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne. Kila zamu iandike idadi ya wagonjwa na idadi ya wahudumu, na takwimu hizo zifike kwenye kikao cha uongozi kila mwezi. Pawepo kiwango ambacho kikivukwa, mtu wa akiba anaitwa usiku huohuo. Ratiba ya zamu ipangwe pamoja na wanaoifanya. Na mtumishi anayeripoti kwamba kazi imezidi uwezo asiadhibiwe kwa kusema kweli.

Semina za kukabiliana na msongo zina nafasi yake, na ushauri nasaha unawasaidia wengi. Lakini mkunga akitoka semina akawakuta wajawazito sita na yuko peke yake, semina haikumpunguzia hata dakika moja.

Wakuu wa taasisi mlioko hapa, nawaomba jambo moja. Mfanyakazi wenu mzuri akianza kubadilika, kabla hamjamwandikia barua, chukueni kalamu mhesabu mlichompa afanye na muda mliompa. Hesabu ikikataa, kosa si lake, na wajibu wa kulirekebisha ni wenu.