Ng'ombe Akipotea, Mshahara wa Mchungaji Usipotee



Tukikutana huwa tunazungumza chanjo, josho na malisho. Leo tumzungumzie mtu ambaye mali yenu imo mikononi mwake kutwa nzima: mchungaji wa kuajiriwa. Baadhi yenu mmeajiri. Wengine mna kijana wenu anayechunga kwenye boma la mtu mwingine. Maneno haya ni ya pande zote mbili.

Kwanza tuelewane. Mtu anayechunga mifugo yako kwa maelekezo yako na kwa malipo ni mfanyakazi, hata kama anakula na kulala kwako, na hata kama mlikubaliana kwa mdomo tu. Kwa Tanzania Bara, haki zake na zako zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Ugomvi tunaousikia mara nyingi ni huu. Ng'ombe amepotea au ameliwa na fisi. Mwenye mali anasema, "Mshahara wako umekwenda na ng'ombe." Kijana amechunga mwaka mzima, anafunga mzigo wake na kurudi kwao mikono mitupu.

Sheria hairuhusu hivyo. Kumkata mfanyakazi mshahara kwa sababu ya hasara kuna masharti yake, na yote lazima yatimie:

1. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake mwenyewe.
2. Umwandikie sababu ya deni, kiasi chake na jinsi ulivyopiga hesabu.
3. Umpe nafasi ya kutosha ya kujieleza na kupinga.
4. Deni lisizidi hasara halisi.
5. Makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha.
6. Yeye mwenyewe akubali makato hayo kwa maandishi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mchungaji analipwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Aliacha kundi akaenda kunywa pombe, ng'ombe wa shilingi 600,000 akapotea, naye amekubali deni kwa maandishi. Robo ya mshahara ni shilingi 50,000. Kwa hiyo utamkata si zaidi ya 50,000 kwa mwezi, na deni litaisha kwa miezi 12. Kila mwezi ataendelea kupokea 150,000 zake. Lakini ng'ombe akifa kwa ukame, au kwa ugonjwa ambao mchungaji aliutolea taarifa mapema, hapo hakuna kosa lake, na hakuna cha kukata.

Mzee mmoja anaweza kusema, "Bwana mifugo, sasa nani atalinda mali yangu?" Fikiri hivi. Ndama ameanza homa, matezi ya chini ya masikio yamevimba. Hiyo yaweza kuwa ndigana kali, na dawa husaidia zaidi ikitolewa mapema. Mchungaji anayejua kwamba mnyama akifa atalipa yeye, atanyamaza na kuomba Mungu apone. Utaambiwa siku ndama ameshalala chini. Mchungaji asiyeogopa atakuja jioni ileile kukuambia. Kumtendea haki ni njia mojawapo ya kulinda zizi lako.

Sasa, mapatano. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Daftari la shule linatosha. Andikeni jina lake, umri na kwao, siku aliyoanza, kazi yenyewe na mahali, saa za kazi, mshahara wa fedha na siku ya kulipa. Kama mmepatana apewe mtamba kila mwaka, au maziwa na chakula, nayo yaandikwe: mtamba wa umri gani, atapewa lini. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, kisha aweke dole gumba. Kila mmoja abaki na nakala. Shauri likifika mbele na mwajiri hana maandishi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha mapatano unakuwa wake. Basi daftari hilo linamlinda na mwenye ng'ombe pia.

Mshahara usiwe chini ya kima cha chini kilichotangazwa na serikali. Kiwango hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi ya kazi kilichopo sasa.

Ng'ombe hawajui sikukuu, lakini mtu huchoka. Sheria inampa saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka. Pangeni mapema nani atashika fimbo siku hizo. Anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza, haondolewi wala haondoki bila notisi ya siku 28.

Na watoto. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Mwenye 14 apewe kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kumpeleka mtoto wa watu porini kwenye fisi na nyoka, mbali na darasa, si kazi nyepesi.

Mkikosana, kaeni kwanza na wazee, ni vizuri. Lakini hesabuni siku. Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kufikisha shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Wengi hupoteza haki kwa sababu kikao cha wazee kiliahirishwa mpaka mvua, na mpaka mnada, siku zikaisha.

Basi jioni ya leo, kabla ya kukamua, mwite mchungaji wako mkae na daftari. Nawe kijana unayechunga, liombe daftari hilo kwa heshima. Si kumtilia shaka mwenye mali. Ni kuweka alama kama tunavyowawekea ng'ombe hereni, ili kila mtu ajue kilicho chake.