Mbegu Unayompa Mwenzako



 Nitasema kwa ufupi, maana adhana ya Magharibi haingoji mtu. Mada yangu ni mbegu: kuzisafisha na kugawana sisi wanachama wa klabu ya bustani.

Naanza na kosa langu. Masika iliyopita nilimpa mama mmoja wa mtaani kwetu chupa ya kunde. Juu zilikuwa kavu, zinang'ara. Chini zilikuwa na unyevu, nami nilijua sikuzianika vya kutosha. Alipanda mistari sita, haukuota hata mmoja ukakamilika, na hizo ndizo zilikuwa mboga za watoto wake. Hakunilaumu. Wallahi, angenigombeza ingekuwa nafuu.

Mwaijua habari ya Mtume (S.A.W.) na yule mwenye chakula sokoni: alitia mkono ndani ya fungu, vidole vikatoka vimerowa. Mwenyewe akasema ni mvua. Akaulizwa, mbona hukukiweka juu watu wakione? Yule alikuwa auza, mimi nilitoa bure. Lakini bure yangu haikuziotesha kunde.

Haya, kazi yenyewe. Kunde ziache zikaukie shambani, pura, pepeta kwa ungo, toa zilizotobolewa. Anika, kisha iume moja: jino likiingia, bado. Changanya na jivu lililopoa na kuchekechwa, jaza chupa mpaka juu, funga kabisa, fukusi wasipate hewa.

Nyanya ndiyo inayosumbua wengi. Kamua mbegu na maji yake ndani ya gilasi, acha siku mbili au tatu mpaka ifanye povu. Ndiyo, inanuka, weka nje, usimuudhi mama. Ule utelezi unaozuia mbegu kuota utakuwa umetoka. Tia maji, koroga: nzuri zazama, mapepe yaelea. Anika kwenye sahani, sio karatasi, zitagandia. Na nyanya ya mbegu chotara ya dukani usituletee, watoto wake hawafanani na mama.

Kijana mmoja aliniuliza, je, hatutashikwa? Swali zuri. Sheria ya mbegu ilikuwa na adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya kumzuia mkulima kuhifadhi na kugawana mbegu zake za kienyeji vinakiuka Katiba. Kwa hiyo tugawane za kienyeji. Biashara ni jambo jingine.

Tukutane Jumamosi ya kwanza baada ya Idd. Kabla ya hapo funga mbegu 10 kwenye kitambaa kibichi, uhesabu zilizoota. Andika kwenye chupa. Zikiota 4, andika 4, mwenzako atajua apande nyingi. Yule mama nimemwalika. Atachagua wa kwanza, na chupa atakayoishika tutaimimina yote kwenye ungo mbele yake.