Ukiambiwa "Andika Tuone"
(Maneno tuliyosema katika mkutano wa tawi)

Ndugu wanachama, leo hatusemi juu ya mshahara. Twasema juu ya mwandiko, maana mwandiko waweza kukufukuzisha kazi.

Mnamkumbuka mwenzetu wa stoo. Hati ya kupokea mapipa mawili ya mafuta ilionekana ina sahihi yake, naye akakana. Aliitwa ofisini, akasimamishwa mbele ya meza, hati yenyewe i wazi machoni pake, akapewa kalamu ya risasi aandike jina lake mara tatu. Hati ile iliandikwa kwa wino! Mkono ukamtetemeka. Wakasema, "Atetemekaye ana hatia."

Neno hilo si geni. Katika Ufaransa, tarehe 15 Oktoba 1894, Kapteni Alfred Dreyfus alisomewa barua aiandike. Meja aliyemsomea akadai mkono wake unatetemeka, akamkamata papo hapo. Bertillon wa polisi akasema mwandiko wa barua ya usaliti ni wa Dreyfus, na palipo tofauti ameuficha makusudi. Basi ukifanana umepatikana, usipofanana umepatikana pia. Mwandiko ule ulikuwa wa Esterhazy, afisa mwingine. Dreyfus alifungwa kisiwani, hata mwaka 1906 ndipo aliposafishwa jina.

Sasa, mtu aandikishwe namna gani? Aketi vizuri. Apewe karatasi na kalamu za namna ile ile ya hati inayobishaniwa. Asomewe maneno, asionyeshwe hati, wala asiambiwe herufi za kuandika. Akimaliza karatasi moja iondolewe, apewe nyingine, asije akanakili ya kwanza. Ikiwa ni sahihi, mara tatu hazitoshi. Ishirini au zaidi, na apumzike katikati. Hakuna mtu atiaye sahihi mbili zilizo sawasawa kabisa. Zikilingana mno, yafaa kuuliza kama moja haikufuatishwa juu ya nyingine. Kwa hiyo mchunguzi ataka nyingi, aone mkono wako huchezacheza kadiri gani.

Lakini mwandiko ulio bora ni ule ulioandika zamani, kabla ya ugomvi, bila kujua utatazamwa: fomu za likizo, barua, stakabadhi, hasa za mwaka ule ule wa hati. Mwenzetu tulimtafutia kumi na saba. Mchunguzi alipozilinganisha na ile hati alisema si mkono wake. Alirudi kazini baada ya miezi minne, na mshahara wa miezi hiyo hajaupata hata leo.

Na hapa tujilaumu wenyewe. Kati ya zile kumi na saba, mbili zilikataliwa, kwa kuwa rafiki yake alimtilia sahihi katika daftari la kufika kazini. Alidhani anamsaidia. Tuache mchezo huo.

Kila mtu atafute nyumbani karatasi zake za zamani, zilizo na tarehe. Asizikunje upya wala asiandike juu yake. Katibu atazipokea Jumamosi, saa nane mchana, na kila atakayeleta atapewa stakabadhi.